Kombi ya Kuzunguka Mlima

Mwaka wa 1971 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo shida ilipoanza. Baba aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata kwa ajili ya mbao, akafa siku ya tatu. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimetolewa darasa la tatu nikapelekwa upande wa Kiirua kuchunga ng'ombe wa watu. Sikurudi shule tena. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayeona herufi imekaa vibaya avumilie, maana kusoma kwangu kwingi nilikufanyia kwenye mikebe ya rangi.

Kiswahili nilikipata Meru mjini. Nilipotoroka ng'ombe, muuza nyama mmoja Mwislamu aliniruhusu kuziba pancha kando ya ukuta wa bucha yake. Mzee yule alikuwa na neno moja: ukimsalimu vibaya, anakurudisha mpaka barabarani uje tena usalimu upya. Nilirudishwa mara nyingi. Kutoka pancha nikaingia kazi ya bodi, yaani kunyoosha magari yaliyogongwa, kukata kutu, kuchomelea na kupiga rangi. Sikufundishwa na mtu. Niliharibu magari ya watu mpaka siku moja nikaacha kuharibu.

Mke wangu ni wa Runyenjes, Embu. Alikuja Meru kushona nguo katika duka la shangazi yake, mlango wa tatu kutoka kwa ile bucha. Siku ya kwenda kujionyesha kwao niliazima pikapu, kwa sababu sikutaka waseme binti yao ameokotwa na mtu wa miguu. Pikapu ilizimika kwenye kilima cha mwisho, geti yao ikionekana. Ndugu zake walishuka kuisukuma, wanacheka wanatoa jasho. Baba yake alikuwa amesimama getini na fimbo. Akauliza, "Sasa anayeoa ni nani? Huyu aliyeshika usukani au hawa wanaosukuma?"

Wakacheka hata majirani. Mke nilipewa, na yule mzee alikuja kunipenda kabla hajafa, lakini kicheko kile kiliingia mahali hakikutoka. Niliapa kwamba katika ile boma sitaonekana tena na gari lenye aibu. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani niliyoyafanya baadaye niliyafanya bila sababu. Sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa sababu mbaya.

Sasa, mlima. Mke wangu alizaliwa akiuona Mlima Kenya kutoka upande wa Runyenjes, halafu nikamleta Kiirua, nilikorudi kukaa, akawa anauona kutoka upande wa kaskazini. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikataa kwamba ni mlima ule ule. Alisema wa kwao una mabega, huu wetu una meno. Akaniuliza kama huko Nyeri kuna mwingine wa tatu. Nikamwambia kuna barabara inauzunguka wote, unaondoka hapa kwenda Meru, Chuka, Runyenjes, Embu, Kerugoya, Nyeri, Nanyuki, unarudi nyumbani bila kukanyaga mahali mara mbili. Nikamwambia nitampeleka. Tutalala tunapotaka, polepole, aone pande zote aamue mwenyewe ni milima mingapi.

Hilo nililisema nikiwa kijana. Baadaye kukawa na watoto, karo, gereji, ploti, vyumba vya kupangisha wanafunzi kule Nchiru. Kila mwaka kulikuwa na ukuta wa kumalizia. Yeye hakunisumbua. Alikuwa akisema tu, akiona mlima umefunguka asubuhi, "Ule wa Nyeri leo sijui uko namna gani." Basi, anaendelea na kazi yake.

Na kitu kingine, watu wa nje hawakijui. Kwetu, mkwe hawezi kulala kwa mama mkwe wake. Unakula, unakunywa, unacheka na mashemeji, lakini jua likienda chini unaondoka. Kwa hiyo miaka yote ile, tukienda Runyenjes, mke wangu akitaka kulala kwao nilikuwa nachukua chumba pale mjini, peke yangu, kama mchuuzi. Hatukuwahi kuamka pamoja mahali alipozaliwa.

Kombi niliipata miaka minne iliyopita. Ilikuwa imekaa nyuma ya ghala katika shamba moja la ngano karibu na Kiirua, mali ya mzungu mzee aliyekuwa amefariki. Ni zile kombi ndogo za zamani, injini nyuma, zilizotengenezwa mtu alale ndani. Paa lake linainuka kwa turubai. Ndani kuna kitanda kinachokunjwa kikawa kiti, karai la kuoshea vyombo, jiko la gesi la mafiga mawili, na kabati jembamba la nguo. Wakati huo waliokuwa wakilala ndani ni kuku. Walikuwa wanatagia kwenye karai. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi. Msimamizi wa shamba alitaka kuikata iuzwe kama chuma chakavu. Nilimwambia akiikata nitalia mbele yake, mtu mzima na mvi, aone aibu. Akaniachia.

Tuliivuta na trekta mpaka nyumbani. Mke wangu akatoka jikoni akaizunguka mara moja.

"Baba watoto, umeninunulia kibanda cha kuku."

"Ingia ndani uone."

Aliingia, akafuta kiti kwa leso, akaketi. Akafungua kabati, akafunga. Akageuza mfereji usio na maji. Nilimwonyesha kitanda kinavyokunjuka. Akasema kwamba mtu aliye na kitu hiki anaweza kulala Runyenjes bila kuvunja mwiko, kwa sababu atakuwa amelala kwake. Mimi nilikuwa sijafikiria hilo. Mke wangu ana akili kunishinda, na si siri.

Miezi michache baadaye alianza kumwaga chai kando ya kikombe. Nikadhani ni uzee. Halafu akagonga mlango wa choo kwa bega, mlango ambao ameupita miaka thelathini. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alitueleza pole pole, kama mtu mwenye heshima: ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana, kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki. Nikauliza kilichobaki kitakaa muda gani. Akasema hawezi kuapa, labda mwaka mmoja, labda miwili, pengine hata mitatu.

Tukiwa njiani kurudi mke wangu alisema, "Mwaka mmoja si mrefu." Nami nikashangaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimesikia mitatu.

Nilifanya kazi kwa bidii, hilo hakuna atakayenikatalia. Nilikata sakafu yote mbovu nikachomelea bati jipya la unene wa sawasawa. Injini niliishusha mwenyewe, ringi, gasketi, karabureta, kebo ya klachi, vitu vingine nikavitafuta mpaka Nairobi, vingine nikavichonga kwa mkono kwa sababu havipatikani tena. Turubai la paa nililipeleka kwa mshona mahema. Kwa miezi mitano kombi ikawa inawaka, inatembea, inashika breki, haivuji. Ukilala ndani unalala vizuri. Ilikuwa na madoadoa tu, pati ya kijivu ya kuziba mashimo hapa, praima nyekundu ya kutangulia rangi pale, mlango mmoja wa buluu niliotoa kwenye gari jingine. Ilifanana na mtu aliyevaa nguo za kuomba kwa watu.

Siku hiyo mke wangu alikuwa ameketi ndani mlango wazi, akichagua maharagwe kwenye ungo. Akaniambia twende.

"Twende wapi na hii?"

"Tuzunguke. Si inatembea?"

"Haijapigwa rangi."

"Mimi nitakuwa ndani," akasema. "Rangi ni ya walio nje."

Nilimjibu kwa sauti ambayo sasa naionea aibu. Nilimwambia mimi ni fundi wa bodi, jina langu lote ni rangi, sitaingia Runyenjes na gari la viraka ndugu zake wacheke mara ya pili. Akaendelea kuchagua maharagwe. Nikaona ameyashika karibu sana na uso.

Rangi ya kwanza niliipiga Julai. Mtu yeyote wa Kiirua anajua Julai ni baridi na ukungu, na fundi yeyote anajua spreyi haipigwi hewa ikiwa na maji, lakini nilikuwa na haraka. Rangi ikafifia ikawa nyeupe kama maziwa. Nikaikwangua yote kwa msasa mpaka chini. Mara ya pili nilingoja jua, nikapata jua pamoja na upepo, na vumbi la mashamba ya ngano likakaa juu ya rangi kama sukari. Watu walisema haionekani. Niliiona mimi. Kwa gari la mteja ningepiga polishi nikamkabidhi, naye angenishukuru. Hii nikaikwangua tena. Fundi mmoja wa mjini, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe na sasa ana chumba cha kisasa cha kupigia rangi chenye feni na taa, alijitolea kuimaliza kwa siku mbili. Nilikataa. Nilisema mwanafunzi hawezi kunimalizia kazi. Hilo nalo liandikwe.

Kati ya rangi moja na nyingine zilipita mvua, mavuno, mazishi mawili, na mimi nikalala na homa ya mapafu majuma sita. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia katikati. Mke wangu alikuwa akishona mapazia ya kombi. Kitambaa alikichagua yeye mwanzoni kabisa sokoni Meru, maua ya manjano juu ya kijani. Pazia la kwanza alilishona kwa cherehani. La pili na la tatu pia. Yale ya mwisho alishona kwa mkono, akihesabu kwa vidole.

Rangi ya tatu ilikaa. Nyeupe juu, kijani kibichi chini, ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama. Nilikuwa natembea kuizunguka kama mjinga. Nikamwita mke wangu alete mapazia tuyatundike. Nikayatundika moja moja. La dirisha la nyuma lilikuwa limeshonwa kinyume, upande wa maua umekunjwa ndani ya pindo, nje kumekaa ule upande uliofifia.

Akauliza, "Maua yanakaa vizuri?"

Mimi nilikuwa nimekwangua gari zima mara mbili kwa sababu ya ukungu na vumbi. Nikalitazama lile pazia.

"Yanakaa vizuri," nikasema.

Nikatoka nje nikamwangalia akishuka. Mguu wake ulitafuta ardhi kama mtu anayejaribu maji ya mto. Nikasimama mbele yake, hatua tatu hivi, sikusema kitu. Alikuja moja kwa moja akanigonga kifua. Hapo ndipo nilipojua. Alikuwa amejua majuma mengi, alikuwa ananificha ili nimalize kazi bila kuharakishwa, kwa sababu aliniona ninavyoipenda. Aliniambia mwanga anaona, na kivuli cha mtu akipita mbele ya mlango. Basi.

Tuliondoka Desemba, mvua ilipokwisha. Yeye aliketi mbele, mkono wake nje ya dirisha. Tulishuka Meru mjini, tukapita Nkubu. Mimi si mtu wa maneno mengi nikiendesha, lakini yeye alikuwa anasema. Ile barabara ameisafiri miaka arobaini. Alikuwa akisikia injini inavyobadilika kwenye miteremko anasema hapa ndipo kwenye daraja, hapa kuna migomba upande wa kushoto, hapa pana kanisa la mawe, bado lipo? Nikisema bado lipo anaridhika. Mahali pengine penye migomba pamejengwa maduka na kituo cha mafuta, na mimi nikasema migomba ipo.

Tulifika Runyenjes alasiri, siku ya soko, pikipiki zimebeba ndizi hadi huoni mwenye kuendesha. Kilima cha mwisho kombi ilikipanda bila kukohoa. Shemeji mkubwa, sasa mzee kama mimi, alikuwa amesimama pale pale baba yake aliposimama.

"Muthoni," akanisalimu, ndivyo tunavyoitana wakwe, "leo hatusukumi?"

"Leo kaeni tu."

Akapitisha kiganja ubavuni mwa kombi, akatikisa kichwa, akasema kazi hii ni ya mtu. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu ujana wangu. Niliisikia huku dada yake ameshikwa mkono na watoto wa ndugu zake, anaongozwa kuelekea kwa mama yake, miguu miwili ikipapasa.

Kisha likaja lile la kulala. Mke wangu alisema tutalala ndani ya gari, ndani ya boma. Mashemeji wakakaa kikao pale pale, wamesimama. Mkubwa alisema hapana, nyumba ni mahali penye kitanda na jiko, na hiki kitu kina vyote viwili, kwa hiyo nikilala ndani ya boma nimelala nyumbani kwa mama mkwe. Mdogo akasema nyumba haina leseni ya barabara. Mkubwa akamuuliza kama yeye tangu lini amekuwa wakili. Jirani aliyepita na mzigo wa nyasi aliutua chini akatoa maoni yake pia, kwamba kitu kinachoweza kurudi rivasi hakijawahi kuwa nyumba. Walicheka, lakini walikuwa hawafanyi mzaha. Hilo si jambo la mzaha kwetu.

Mama mkwe ana miaka zaidi ya tisini. Mimi namheshimu, hatuketi karibu, maneno yake huletwa na mtu. Siku hiyo alitoka mwenyewe hadi kwenye kizingiti.

"Binti yangu alale ndani, yeye alale nje," akasema. "Gari ni lao. Geti ni yangu."

Ikabidi tufungue geti yote na kung'oa nguzo moja, tukaisimamisha kombi ubavu kwenye mlango wa boma, magurudumu ya kushoto ndani, ya kulia nje. Kitanda kinalaza watu wawili sambamba. Mke wangu alilala upande wa boma, mimi upande wa barabara, na mpaka wa boma ya baba yake ukapita katikati ya godoro. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia nisivuke. Sijamsikia akicheka hivyo tena.

Asubuhi niliamka kabla ya jua nikainua pazia. Mlima ulikuwa umetoka wote, hakuna wingu hata moja. Nilikaa nikiutazama nikitumaini hataamka. Aliamka.

"Umetoka?"

"Umetoka."

"Theluji ipo?"

"Kidogo. Upande wa kulia."

"Mabega?"

Nikamwambia mabega yapo. Mtu aliyejua kuutazama mlima ule alikuwa yeye, mimi nilijua vyuma. Akakaa kitako, akajifunga leso kichwani, akasema tugeuze turudi nyumbani kwa njia tuliyokuja nayo.

Nilimwambia tangi limejaa. Nilimwambia leo ni Embu na Kerugoya, kesho Nyeri, ule wa tatu.

"Huko sijawahi kufika," akasema. "Nikipita sasa nitasikia magari tu, na magari nimeyasikia. Barabara ya jana naijua. Jana nilikuwa naiona."

Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Angenilaumu ningepata la kujibu, na mimi kujibu najua. Ningemwambia habari za ukungu wa Julai, homa ya mapafu, vumbi la ngano. Sasa nilibaki na hesabu yangu mwenyewe: ile siku ya maharagwe, kombi ikiwa na mlango wa buluu, alikuwa bado anaona mlima.

Tulirudisha nguzo ya geti. Chai tukanywa. Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili muda mrefu, halafu nikawasha. Chuka tuliposimama kujaza upepo, vijana watatu walipiga picha za kombi na mmoja akaniuliza ni rangi gani, nani aliipiga. Nilimwambia ni fundi mmoja wa Kiirua. Mke wangu alikuwa ndani, dirisha wazi, uso ameuelekeza upande usiokuwa na mlima. Sikumrekebisha.

Hivyo barabara ile hatukuizunguka, na hatutaizunguka. Watoto wanasema niende peke yangu nikamalize. Siendi. Nikienda nitaona upande wa Nyeri, halafu atauliza uko namna gani, na mimi sitaweza kumweleza.

Mtu akiniuliza nilichopata tangu ule mwaka wa ng'ombe wa watu, jibu ni hili. Ekari mbili na nusu Kiirua, hati ninayo. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, na kamba niliyofunga kutoka mlango wa jikoni hadi chooni ili mama watoto ashike. Vyumba kumi Nchiru, vyote vina wapangaji. Gereji, mashine mbili za kuchomelea, kompresa moja. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Tangi la maji la lita elfu tano. Kombi moja, nyeupe na kijani, bima imelipwa, inawaka.